Pimbi na Ngoma ya Msiba

Hapo zamani za kale, wakati tembo alikuwa akilala kitandani na kujifunika shuka, na pimbi akipika kwa mafiga matatu kama bibi yenu, kulikuwa na nchi ya wanyama ambao walikuwa na kila kitu mlicho nacho ninyi. Walikuwa na majumba, mashamba ya mtama, wakwe wakali, na baraza la wajumbe la kujadili mambo ya nchi.

Wewe uliyekaa mlangoni, ingia ndani. Hadithi hii haisikilizwi mguu mmoja nje.

Basi, katika baraza hilo mjumbe mdogo kuliko wote alikuwa Pimbi. Mnamjua pimbi? Yule mnyama wa majabalini, kimo chake cha paka, hana mkia hata wa kufukuzia inzi. Kifungua mimba wake aliitwa Chausiku, kwa hiyo majirani walimwita Mama Chausiku. Wanyama wadogo wa majabalini ndio waliomchagua awasemee, na walimchagua kwa ajili ya mdomo wake. Lo! Mdomo ule ungemshawishi kobe aazimishe gamba lake wakati wa mvua!

Sasa, nchi ile ilikuwa vitani. Na vita vyenyewe wala havikuwa vyao.

Mbali huko, ng'ambo ya vilima na vilima, kulikuwa na ziwa, na katika ziwa hilo Kiboko na Mamba walikuwa wakigombea fungu la mchanga la kuotea jua. Kiboko akamtumia salamu mfalme wa nchi, Mzee Tembo: "Ndugu yangu Tembo, mwenye nguvu kuliko wote, njoo unisaidie. Kwa nguvu zako, kazi hii ni ya asubuhi moja tu."

Tembo aliposikia "mwenye nguvu kuliko wote", masikio yake yakaanza kupepea yenyewe, pwa! pwa! pwa! Akatuma jeshi. Wakaenda nyumbu, wakaenda pundamilia, wakaenda ngiri, na pimbi wa kubeba vyungu. Ile asubuhi moja ikawa mwezi. Mwezi ukawa mwaka. Masika yakaja yakapita, yakaja tena yakapita, na jeshi liko huko huko.

Na jeshi linakula, wanangu! Kila mara vikapu vya mtama vilitoka Ghala la Nchi kwenda ziwani, na hakuna kilichorudi ila habari kwamba wanataka vingine. Mashamba yakaota magugu, kwa sababu wenye kulima ndio hao walioshika mikuki. Mume wa Pimbi alikuwa huko huko na chungu chake kichwani.

Siku moja Nyati akaitisha baraza. Nyati ndiye aliyekuwa Amiri wa vita. Alikuwa na kifua kipana na sauti ya kutikisa paa, na katika nchi nzima hakuna aliyevipenda vita vile kama yeye.

"Waheshimiwa!" akanguruma. "Ushindi umekaribia! Umebaki hivi!" Akainua kwato zake mbili zilizokaribiana, usipite kati yake hata unyasi. "Jeshi linataka chakula kidogo tu cha kumalizia kazi. Na chakula kipo! Kule ndani ghalani, pembeni, kuna vikapu vya mbegu."

"Vipelekwe! Vipelekwe!" wakaitikia wakubwa wote, huku wakipiga miguu chini. Pu! Pu! Pu! Kifaru alipiga hadi kiti chake kikavunjika.

Pimbi akachungulia nje. Mbegu! Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki. Mbegu zile zikienda vitani, hakuna kupanda. Kusipopandwa, hakuna kuvuna. Na tayari watoto wake walikuwa wanalala na uji ambao ukiuchungulia unajiona sura.

"Mzee Tembo, naomba kusema!"

"Nani huyo?" Tembo akauliza, akitazama huku na huku.

"Niko huku chini, mtani. Ukipunguza pua kidogo utaniona."

Watu wakacheka, Tembo mwenyewe akacheka. Msishangae, maana Tembo na Pimbi walikuwa watani. Mababu zao walipigana zamani kwa ajili ya jabali la chumvi, wakapigana hadi wakachoka, kisha wakapatana na kula sinia moja. Tangu siku hiyo wanyama wakubwa wote na wanyama wa majabalini wakawa watani, na utani mnaujua. Mtani wako atasema pua yako kama mchi, atamkamata kuku wako uani akaenda naye, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umekwisha. Adhabu yako ni kuingia jikoni wewe mwenyewe, na unga wa nyumbani kwako, uwapikie watani wote hadi washibe. Na nyumba ikifiwa, mtani ndiye mwenye msiba: yeye huchimba kaburi, yeye hupika, yeye huwachekesha wafiwa wasife kwa huzuni.

Basi Pimbi akapanda juu ya kigoda ili aonekane.

"Waheshimiwa, mimi nina maswali tu. Mamba alitufanyia nini sisi?"

Kifaru akajikuna pembe.

"Alitutukana!" mtu mmoja akasema nyuma.

"Lini? Nani alimsikia?"

Aliyesema akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na hana viatu.

"Haya. Na hilo fungu la mchanga? Mume wangu ameniletea habari. Anasema kila masika ziwa linajaa, mchanga unazama wote, hauonekani hata punje. Wanapigana mpaka maji yawafike shingoni. Halafu wanakaa ukingoni, wao na adui zao, wanangoja mchanga utokeze ili waanze tena. Ni kweli, Amiri, au mume wangu kanidanganya?"

"Taarifa! Taarifa!" Nyati akaruka. "Mjumbe huyu anawavunja moyo wapiganaji wetu!"

"Wapiganaji wetu wamevunjika miguu, Amiri. Tukishinda tutapata nini?"

"Heshima!"

"Heshima inaungwa kwa nazi au kwa karanga?"

Baraza likaangua kicheko. Lakini Pimbi hakucheka. Sauti yake ikashuka, ikatetemeka.

"Jamani, nawasihi. Kiboko ni rafiki yetu, na tumemsaidia vya kutosha. Siwaiti waoga wale walioko huko, mmoja wao ni wangu. Nataka warudi wakiwa na miguu ya kurudia. Masika haya tusipopanda, watoto wetu watakufa. Si wa Mamba, si wa Kiboko. Wetu. Mbegu ziende shambani na jeshi lirudi nyumbani. Ndiyo hoja yangu."

Akashuka kigodani. Na safari hii, wanangu, hakuna aliyepiga miguu chini. Twiga alikuwa amefunga macho. Tembo alikuwa akichora chora chini kwa ncha ya mkonga. Maneno yalikuwa yamewaingia.

Nyati akaona mambo yanaharibika. Akafanya nini? Akacheka!

"Ha ha ha! Ha ha ha haa! Huyu mtani, jamani! Mnamsikia? Eti nazi au karanga! Leo ametukomesha! Utani mtupu!"

Kifaru akacheka. Viti vyote vya mbele vikacheka. Tembo akainua kichwa, naye akashusha pumzi, maana kucheka ni rahisi kuliko kuamua.

"Mtani wangu, umetuburudisha," akasema akijifuta macho. "Lakini neno la mtani si hoja ya baraza. Alilosema Pimbi ni utani, na nasema hivyo mbele yenu wote. Mbegu zitaondoka kesho asubuhi."

"Sitanii, Mzee!"

"Ha ha ha! Anasema hatanii!"

Pimbi alirudi nyumbani amefura. Alipofika akakaa jikoni, akalia kweli kweli, machozi yakamdondokea kwenye mboga. Alilia kwa sababu ya watoto, na alilia kwa sababu ya kuchekwa. Kuchekwa ukiwa unasema kweli kunauma, tusidanganyane.

Kisha akaacha kulia, mwiko uko mkononi, macho yakamtoka.

"Wamesema ni utani?" akajiambia. "Mfalme mwenyewe, mbele ya baraza zima? Haya bwana. Utani watauona!"

Kulipopambazuka alikwenda mbio hadi kwa Kigong'ota. Huyu ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa nchi, ndege mwenye mdomo mgumu na kichwa kisichoumwa. Tangu vita vianze alikuwa hajapiga hata ngoma ya harusi, na mikono ilikuwa ikimwasha, yaani mdomo.

"Hodi, Kigong'ota!"

"Karibu, Mama Chausiku. Mbona alfajiri?"

"Piga ngoma ya msiba."

"Uuuwi! Nani amekufa?"

"Jina la marehemu linatajwa lini?"

Kigong'ota akaona haya kidogo. Mila aliijua. Katika nchi ile, jina la marehemu halikutajwa mpaka mfiwa wa mbali kuliko wote awe amefika, asije mtu akasikia msiba wake njiani kwa mdomo wa mpita njia.

"Wakishafika wote," akajibu.

"Na ngoma ya msiba inaamriwa na nani?"

"Na mtani."

"Mimi ni nani?"

"Mtani." Kigong'ota akameza mate. "Lakini Mama Chausiku, si unajua ngoma hii ikilia hakuna mzigo unaotoka nchini? Na mkuki hauinuliwi? Na kila mwenye kitovu chake hapa, popote alipo, lazima arudi kuzika?"

"Ndugu yangu," akasema Pimbi, "unadhani nimeamka alfajiri hii yote nikiwa silijui hilo?"

Kigong'ota akamtazama. Akatazama ngoma. Akaanza kutabasamu, kama ndege wanatabasamu. Halafu akaishukia.

Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi! Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi!

Kilima cha kwanza kikasikia, kigong'ota wa huko akaipokea. Ndi! Ndi! Kilima cha pili kikapokea. Sauti ikaruka kutoka kilima hadi kilima, ikaenda, ikaenda, hadi ziwani.

Kwenye njia kuu wachukuzi walikuwa wameshajitwika vikapu vya mbegu. Waliposikia tu, wakatua vyote. Tu! Tu! Tu!

"Mbona mnatua?" Nyati akapiga kelele.

"Msiba, Amiri."

"Msiba wa nani?"

"Hatujui. Lakini tumetua."

Hapo nchi nzima ikaanza kukimbilia nyumbani kwa Mfalme. Maana ngoma ya msiba ikilia hivyo, watu humfikiria nani kama si Mfalme? Walifika wakilia kwa sauti, wamejifunga vitambaa kichwani. "Maskini Mzee Tembo! Nani atatuongoza? Alikuwa mtu wa watu!" Kifaru aligaagaa chini katikati ya maboga ya Mfalme, akayaponda yote.

Mara mlango ukafunguliwa, kreee! Tembo akatokea na shuka yake begani, macho yamejaa usingizi.

"Kelele za nini? Nani amekufa?"

"MZIMU!" Watu wakatawanyika. Twiga alitaka kujificha chini ya kigoda.

"Nauliza, nani amekufa?"

"We-wewe, Mzee," akasema Kifaru toka nyuma ya choo.

"Mimi?" Tembo akajipapasa sikio hili, akajipapasa sikio lile, akajivuta mkonga. "Mbona najisikia vizuri tu?"

Hapo Pimbi akaingia uani, amejipaka majivu usoni na kujifunga kanga kiunoni tayari kwa kazi ya watani.

"Poleni, wafiwa. Mzee yuko hai, mshukuruni Mungu. Msiba upo, na mimi ndiye niliyeamuru ngoma. Jina mtalisikia wote wakifika."

"Mtani, nong'ona tu," Tembo akamwambia, akiinamisha sikio lake kubwa. "Mimi ni Mfalme. Siwezi kungoja kama watu wa kawaida."

"Mila ni ya nani, Mzee? Si nyie wakubwa ndio mliotufundisha?"

Tembo akakaa chini. Akafikiri, akafikiri. Mwishowe mdomo ukaanza kumcheza.

"Ni shangazi," akasema. "Najua ni shangazi yangu wa Bondeni. Juzi alikohoa. Uuuwi, shangazi weee! Na mimi sikwenda kumwona!" Akalia Tembo, machozi ndoo kwa ndoo. Roho ilimuuma Pimbi, ikabidi ajiume ulimi asiseme. Lakini akaukumbuka uji wa watoto wake, akanyamaza.

Siku zile za kungoja, alifanya kazi yote ya mtani. Alipika alichokipata. Alijivika shuka ya Tembo, akajining'inizia mwiko puani, akatembea kwa madaha uani, hadi Tembo mwenyewe akacheka katikati ya kilio. Kisha akapandisha kifua, akainua viguu viwili na kunguruma, "Ushindi umekaribia! Umebaki hivi!" Watu wakavunjika mbavu. Nyati peke yake hakucheka. Alikaa pembeni akisaga meno, anahesabu kichwani ni nani katika wakubwa asiyeonekana pale, na hakumpata.

Hatimaye vumbi likaonekana kwenye njia ya vilimani. Jeshi!

Walikuja wamekonda, wamechakaa, mikuki wameifunga mgongoni kama sheria ya msiba inavyosema. Waliotoka ni wengi kuliko waliorudi, na wake za wale wasiorudi walisimama muda mrefu wakitazama njia. Pimbi aliuona mguu mmoja mfupi nyuma ya nyumbu, akaona chungu kilichopasuka mdomo, akapiga kelele, "Baba Chausiku!" Akamkumbatia na chungu chake, majivu yakampaka mume uso mzima.

Mkubwa wa kikosi, Ngiri, akaja mbele akichechemea.

"Tumekuja kuzika," akasema. "Nani ametutoka?"

"Wote mmefika?"

"Walio hai wote tumefika."

"Nifuateni."

Wakamfuata: Tembo, Nyati, baraza zima, jeshi zima. Pimbi aliwaongoza hadi Ghala la Nchi, akausukuma mlango. Kreee! Ndani palikuwa peupe. Panya mmoja akatoka na kifurushi chake kichwani, akawaamkia, "Shikamooni," akapita. Alikuwa anahama.

"Marehemu ndiye huyu," akasema Pimbi. "Ghala la Nchi. Alikuwa mnene, mnamkumbuka. Wakati wa njaa kubwa alitulisha sisi na wageni wetu. Aliugua siku nyingi. Tulimwona anakonda, tukaambiana, atapona ushindi ukifika. Alibakiwa na mbegu tu, na siku ile ya ngoma wachukuzi walikuwa wameshazitoa mlangoni. Jamani, aliyewalisha wote hana hata mtu wa kumlilia? Lieni basi."

Hakuna aliyelia. Hakuna aliyecheka pia. Nyumbu aliingia ndani, akagusa sakafu, akatazama vumbi lililobaki kwenye kwato yake.

"Na... na shangazi yangu je?" Tembo akauliza polepole.

"Mzima, Mzee. Yuko jikoni kwako anamenya mihogo, tangu juzi."

Hapo Nyati akalipuka.

"Umetudanganya, kijinyama wewe! Umelirudisha jeshi kwa ajili ya ghala! Nitakukanyaga! Nitakusaga uwe ugoro! Mshikeni! Mfungeni!"

"Eeeh!" wakapiga kelele watoto wa majabalini. "Amekasirika! Amiri amekasirikia utani!"

"Huu si utani!" Nyati akafoka, povu mdomoni.

Tembo naye alikuwa amefura. Masikio yamesimama, mkonga umeinuka, na alikuwa amefungua kinywa apige kelele. Akakumbuka. Akakifunga. Akameza ile hasira yote, ikashuka polepole kooni kwake kama boga zima, watu wanaiona inavyoteremka.

"Nyati," akasema. "Siku ile Pimbi alitusihi kweli kweli, nikasema mbele ya baraza kwamba alilosema ni utani. Wewe ndiye uliyeanza kucheka. Leo sina mdomo wa kusema si utani. Na wewe umekasirika, kila mtu kakuona. Jikoni!"

"Lakini Mzee, mimi ni Amiri..."

"Jikoni!"

"Unga nitautoa wapi? Njaa hii!"

"Nyumbani kwako, mtani," akasema Pimbi kwa upole. "Twende tukusaidie kubeba."

Wakaenda. Nyuma ya nyumba ya Nyati kulikuwa na kihenge kimefunikwa kwa makuti. Ngiri akayavuta. Ala! Mtama ulijaa hadi mdomoni, unamwagika wenyewe. Maana kila nyumba ilitoa mtama wa vita, isipokuwa nyumba moja. Nyati alikuwa amewaambia wakusanyaji kwamba nyumba ya Amiri haitoi mtama, kwa kuwa Amiri anatoa mawazo.

Wapiganaji waliukodolea macho mtama ule. Walikuwa wamekula mizizi huko ziwani.

Basi Nyati akasaga, akakoka moto, akasonga ugali kwa mwiko mkubwa, moshi unamtoa machozi. Ugali wenyewe ulikuwa na madonge. Hakuna aliyelalamika. Jeshi likala, wajane wakala, watoto wakala mpaka matumbo yakawa ngoma, na Pimbi akawa anapita na sufuria, "Ongeza hapa, Amiri. Na huyu bado. Usimwage, mtani."

Walipokuwa wakilamba vidole, ngurumo ikapasuka juu. Grrrum! Matone makubwa ya kwanza yakaanguka kwenye vumbi.

"Mtani," Tembo akamwita Pimbi, "tanga hili tutalianua lini?"

"Marehemu akipata mrithi, Mzee. Ghala likijaa mavuno mapya."

Tembo akasimama katika mvua. Hakuita baraza kwenye viti, na cha Kifaru kilikuwa kimeshavunjika. Akasema kwa sauti ambayo hata majabali yaliisikia: "Siku ile hoja ililetwa tukaicheka. Naileta tena, na safari hii ni mimi ninayeileta. Mbegu ziende shambani na jeshi libaki nyumbani. Anayekubali ainue mkono."

Ikainuka mikono, kwato, mbawa na mikonga. Ngiri aliinua jembe, maana alikuwa ameshalishika. Na Pimbi, aliyesema hoja ile kwanza, hakuinua kitu. Alikuwa amemlalia mumewe begani, analia kwa furaha, wala hakujificha.

"Na vita?" Nyati akalia na mwiko wake mkononi. "Kiboko je? Mtamwacha rafiki yetu? Hapana hata mmoja wenu mwenye moyo wa kurudi?"

Ngiri akapangusa tope kwenye jembe, akamtazama Amiri wake.

"Tangulia wewe, Amiri," akasema. "Sisi tutakufuata tukimaliza kupalilia. Njia unaijua?"

Nyati akatazama mashariki. Akatazama magharibi. Akatazama vilima, kimoja kimoja. Tangu vita vile vianze hakuwahi kwenda hata siku moja, na njia ya ziwani hakuijua.

Akarudi jikoni kukwangua chungu.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeshiba aondoke nayo, mwenye njaa akaniletee kuni. Lakini kabla hamjasimama, shikeni hili moja: vita ni vitamu kwa asiyekwenda.